Kempa yangu ya Hiace inalala kushoto na inagonga chini, nianze kushika wapi kabla mafundi hawajanimaliza?

#1 Mkaaji_Bwejuu
Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Nna Hiace ya 2005, ile bodi ndefu paa juu, dizeli 2KD, ilikuja kutoka Japani ikiwa ya mizigo. Mwaka jana nkaigeuza kempa: kitanda, sinki, jiko la gesi, friji dogo, tangi la maji lita 120, betri mbili za 200Ah zile za maji, na sola juu ya paa. Nawakodisha wageni wanaotaka kulala Michamvi leo, kesho Nungwi, bila habari ya hoteli.

Sasa tangu nimemaliza kuijenga imeanza kulala kushoto. Ukiitizama kwa nyuma utasema bibi aliyebeba ndoo mkono mmoja. Halafu inagonga, gubu gubu gubu, kila nikipita pahala penye mawe madogo madogo.

Nshakwenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema shokapu, nkanunua zote nne mpya, hakuna kilichobadilika. Wa pili kasema bushi za loa amu (mipira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu), akazibadilisha, kugonga kukapungua wiki moja kukarudi. Wa tatu akakaza tosheni (ile fimbo ya springi) ya kushoto mbele, gari ikakaa sawa sawa nikafurahi, baada ya wiki mbili imelala tena na sasa juu ya kulala imekuwa ngumu kama gari ya ng'ombe. Mie si fundi, mie ni mvuvi wa zamani. Nianze wapi?

#2 Utingo_Mstaafu
Umeuza ngalawa ukanunua nyumba yenye magurudumu, na yenyewe inazama upande. Pole yakhe 😂

#3 FundiChuma
Waalaykum salaam. Mkaaji, hao mafundi sitowasema vibaya maana sijaiona gari, lakini hakuna hata mmoja uliyesema kachukua futi akapima. Ukienda kwa daktari akakupa dawa hajakushika hata mkono utakubali?

Fanya hivi. Tafuta pahala sakafu iko sawa kweli kweli, sakafu ya zege ya kituo cha mafuta ni nzuri, usiku wakishafunga waombe. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia. Halafu pima kutoka KATIKATI YA RIMU kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, magurudumu yote manne. Usipime kutoka chini, ukipima kutoka chini tairi lililolegea litakudanganya. Andika. Halafu mwaga maji yote ya tangi, endesha hata mita mia mbili springi zikae, rudi pale pale pima tena. Tuletee namba nane hapa ndo tuzungumze.

Na nikuulize, hilo tangi liko upande gani?

#4 Mkaaji_Bwejuu
Kushoto. Na sinki liko kushoto. Na betri ziko chini ya sinki.

#5 Utingo_Mstaafu
Na mtungi wa gesi?

#6 Mkaaji_Bwejuu
Kushoto pia 🙈 kwa sababu mlango wa ubavuni uko kushoto, mgeni anafungua mlango anapika huku yuko nje.

#7 FundiChuma
Basi nshamaliza kazi, nitumie hela ya chai.

#8 Nahodha_wa_Nchikavu
Msimcheke. Tupige hesabu kidogo. Maji lita moja ni kilo moja, hapo tayari 120. Betri ya maji ya 200Ah inafika kilo hamsini na kitu mpaka sitini, mbili hizo weka 115. Mtungi wa kilo 15 watu wanasahau kwamba kilo 15 ni gesi peke yake, chuma nacho kina uzito wake. Ongeza friji, sinki, kabati za plaiwudi. Hapo una watu wazima wanne wamekaa juu ya gurudumu moja la nyuma kushoto hawashuki usiku wala mchana, hata gari ikilala na wao wamo. Daladala inabeba zaidi ya hivyo, ndio, lakini abiria wanashuka Mtoni, wanashuka Bububu, springi inapumua. Yako haipumui.

#9 Boflo_Fuoni
Naomba kuchangia mimi mwanamke 😄 Nna Suzuki Carry ya kusambaza mikate, na yangu ililala kushoto vile vile. Nikaambiwa springi, nikabadilisha springi. Ikalala. Mwisho kijana wangu mmoja ndo akagundua kreti zote tulikuwa tunazipanga kushoto kwa sababu ndo rahisi kushusha madukani, kwa hiyo kulia ndo kunabaki kitupu. Tukageuza upangaji, mwezi mmoja gari imekaa vizuri. Ila springi niliyotoa nilishaiuza chuma chakavu, na ilikuwa nzima!

#10 KondaMjini
Mimi nakataa kidogo. Magari yote ya hapa yanalala kushoto, tizama hata daladala zisizo na mzigo. Barabara zimejengwa zinamwaga maji pembeni, sie tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari saa zote inainamia kushoto kuelekea mtaro. Miaka kumi ya hivyo springi ya kushoto lazima ichoke kabla ya mwenzake. Na mlango wa abiria uko huko huko kushoto, watu wanarundikana mlangoni. Gari imetoka Japani nako wanaendesha kushoto, kwa hiyo imekuja imeshachoka. Si tangi peke yake.

#11 Nahodha_wa_Nchikavu
@KondaMjini hoja nzuri lakini gari ya Mkaaji ilikuwa haijalala kabla ya kujengwa, kasema mwenyewe "tangu nimemaliza kuijenga".

#12 KondaMjini
Labda ilikuwa imelala ila hajaangalia. Nani anaiangalia gari yake kwa nyuma? Mpaka ukitaka kuiuza.

#13 Mswahili_Leicester
Salaam kutoka kwenye baridi. Mie nipo gereji ya makempa huku Uingereza, hadithi hii naisikia kila wiki. Makempa mengi ya huku yanajengwa juu ya Fiat Ducato (Peugeot Boxer na Citroen Relay ni ndugu yake, majina tu). Mbele ina springi za mviringo na shokapu pamoja, nyuma ina springi ya majani, na nyingi zina jani moja moja tu kila upande, wala si matatu manne. Mwenye kempa anatia kila kitu, baskeli nyuma, kiti cha jua, maji, mvinyo, halafu anashangaa nyuma imekaa chini.

Kitu cha kwanza tunamwambia apeleke mzani. Huku leseni ya kawaida ya gari ndogo inaishia kilo 3,500 uzito mzima, kwa hiyo watu wanapima kwa kuogopa faini pia. Lakini usipime gari zima tu, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, na ukiweza upande kwa upande. Gari zima linaweza kuwa ndani ya kiwango na gurudumu moja likawa limezidiwa.

Kuna na zile chesisi za AL-KO, nyuma hazina springi za majani kabisa, zina fimbo za kujipinda ndani ya bomba la ekseli na nyingine zina nipo za kupigwa grisi. Mtu akisahau grisi miaka, kutu inaingia, upande mmoja unakamata. Hiyo yako haina hayo, Hiace ni kitu kingine.

#14 DogoSpea
Hiace 200 kama hiyo yako mbele ina springi za koili kama Noah, akabadilishe koili tu zinapatikana hata Darajani.

#15 FundiChuma
@DogoSpea HAPANA. Hiace ya 200 mbele ni amu mbili, ya juu na ya chini, na springi yake ndo hiyo fimbo ndefu ya tosheni inayokwenda nyuma chini ya sakafu. Nyuma ni ekseli nzima na springi za majani. Hakuna koili hata moja. Ukimuuzia koili atazifanya mguu wa meza.

Na kwa kuwa tosheni imetajwa, niseme maana hapa ndo watu wanapopigwa. Ile bolti ya nyuma ya tosheni ukiikaza HAUIFANYI springi iwe na nguvu zaidi. Fimbo ni ile ile, unene ule ule. Unachofanya ni kuinyanyua gari, basi. Sasa ukiinyanyua kupita kiasi gurudumu linakuwa limening'inia karibu na mwisho wa safari yake ya chini, likiingia shimoni halina pa kushuka, linafika mwisho linagonga. Ndo hiyo "gari ya ng'ombe" ya Mkaaji. Boljointi nazo zinakaa kwa pembe siyo yake, na tairi linaanza kulika upande.

#16 KondaMjini
Lakini fundi, mimi nimekaza tosheni mara ngapi na gari inakuwa ngumu, wewe unasema haiwi na nguvu?

#17 FundiChuma
Inakuwa ngumu kwa sababu nilizosema, umekula safari yake. Ugumu siyo nguvu.

#18 KondaMjini
Mimi bado.

#19 Mpemba_wa_Konde
Jamani nyie wa Unguja mna lami halafu mnalia. Njooni njia ya Ngezi kwenda Vumawimbi wakati wa masika muone sasipensheni ni nini.

#20 Utingo_Mstaafu
Tulikuwa tunakusubiri. Uzi hauwi uzi mpaka Mpemba aingie.

#21 Mpemba_wa_Konde
😂😂 Sasa tuseme la maana. Mie nna Canter ya kubebea ndizi, majani mbele majani nyuma. Ililala upande, nikatizama springi jani kwa jani, zote nzima. Fundi mmoja mtu mzima pale Wete akaniambia fungua yubolti, zile bolti za U zinazobana springi kwenye ekseli. Kufungua, jani la pili limekatika pale pale katikati kwenye tundu la senta bolti inayoshika majani pamoja, chini ya kibano, ukiwa nje huoni kitu kwa sababu kibano kimelishika. Mkaaji, uliwahi kufungua yubolti za nyuma? Au wote walitizama mbele tu?

#22 Mkaaji_Bwejuu
Nyuma hakuna aliyegusa ila shokapu. Nimeshukuru nyote, leo usiku nakwenda kupima, nimepata ruhusa kituo kimoja njia ya Tunguu.

#23 Boflo_Fuoni
Chukua na mtu wa kukushikia tochi, na futi ya fundi cherehani usichukue, inavutika.

#24 Mkaaji_Bwejuu
Nimerudi. Namba hizi, sentimita, katikati ya rimu mpaka ukingo.

Tangi limejaa: mbele kushoto 43, mbele kulia 44 na nusu. Nyuma kushoto 46, nyuma kulia 50.
Tangi tupu: mbele kushoto 43 na nusu, mbele kulia 44 na nusu. Nyuma kushoto 47 na nusu, nyuma kulia 50.

Mlinzi wa kituo kaniuliza naipima suti.

#25 Nahodha_wa_Nchikavu
Maji peke yake ni sentimita moja na nusu nyuma. Bado umebakiwa na mbili na nusu. Ama ni betri na sinki, ama ni springi. Hapo hesabu haijui tena.

#26 KondaMjini
Na mbele je? Mbele imebaki na tofauti ya sentimita nzima na tosheni ishakazwa. Nimesema kushoto kumechoka.

#27 Mswahili_Leicester
Mbele na nyuma zinavutana, bodi ni moja. Nyuma ikilala kushoto inaivuta na mbele, na kinyume chake. Kuna njia ya kuzitenganisha: weka jeki moja chini ya difu (lile boksi la gia la ekseli ya nyuma), KATIKATI kabisa, nyanyua mpaka matairi ya nyuma yaache ardhi kidogo tu. Sasa nyuma imesimama juu ya nukta moja, haiwezi kuilazimisha bodi upande wowote. Pima mbele. Mbele ikikaa sawa, mwizi yuko nyuma. Mbele ikibaki imelala vile vile, mwizi yuko mbele. Tia vigingi magurudumu ya mbele, breki ya mkono ya Hiace inashika nyuma kwa hiyo hapo haikusaidii kitu, na USIINGIE chini, gari juu ya jeki moja ni kaburi.

#28 FundiChuma
Hii sahihi kabisa, sie tunaita "kuipa gari kiti cha mguu mmoja". Ila mzigo wako uko upande mmoja kwa hiyo mwaga maji kwanza na toa mtungi, lasivyo hata kipimo hicho kitavutwa na mzigo.

#29 DogoSpea
Yote hayo kwa nini? Pandisha upepo wa tairi ya nyuma kushoto ifike 80 gari itanyanyuka, rahisi.

#30 Nahodha_wa_Nchikavu
Dogo wewe leo umeamka na nini. Tairi lina kiwango chake kimeandikwa ubavuni, ukipita hapo kwenye jua la saa nane na lami ya kwetu unatafuta kupasukiwa. Halafu soma na namba ya mzigo. Tairi nyingi za Hiace za mizigo zimeandikwa 106/104, hiyo 106 ni kilo 950 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900 zikifungwa mbili mbili. Kuna watu wanafunga tairi za gari ndogo kwa kuwa zinaingia kwenye rimu na bei rahisi. Ubavu wa tairi hiyo laini, gari inayumba kama dau, na mwenyewe anasema shokapu.

#31 Mkaaji_Bwejuu
Zangu zina C (ya tairi za mizigo) na 106/104, nimetizama. Alhamdulillah kwa hilo moja.

#32 Utingo_Mstaafu
Mie nna suali la nje kidogo, hao wageni wakilala humo ndani gari si inayumba pia? 👀

#33 Boflo_Fuoni
Wewe mzee!

#34 Mpemba_wa_Konde
Hiyo ndo sababu ya gubu gubu 😂😂😂

#35 FundiChuma
Turudi kwenye kazi. Kugonga na kulala usivichanganye, vinaweza kuwa maradhi mawili. Kugonga kunakotokea kwenye vijiwe vidogo mwendo mdogo mara nyingi ni linki za stabilaiza (vyuma vifupi vinavyoshika ile fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona) au mipira yake. Njia rahisi: fungua linki zote mbili za mbele, zifunge pembeni kwa waya zisiguse kitu, endesha pole pole mtaani mwako tu, usitoke nayo barabara kuu maana italala kwenye kona. Kelele ikikata, umempata. Ikigonga unapofunga breki, bushi za amu. Ikigonga kwenye tuta kubwa peke yake, mpira wa kuzuilia (ule unaozuia chuma kisigonge bodi) unafikiwa, yaani gari imekaa chini mno. Shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi, inakuachia gari idundedunde, bonyeza kona ya gari uachie, ikipanda ikashuka ikapanda tena zaidi ya mara moja na nusu ndo umshuku yeye.

Na bushi ulizobadilishiwa zikafa wiki moja, hebu muulize aliyezifunga: bolti alizikaza gari ikiwa bado juu ya jeki?

#36 Mkaaji_Bwejuu
Ndio ilikuwa juu, miguu inaning'inia. Kwani ifungwe vipi?

#37 FundiChuma
Hapo ndo palipokufa. Bushi ya mpira imeshikana na bomba la ndani na la nje, haizunguki, inajipinda. Ukiikaza mguu ukiwa umening'inia, siku gari inashuka chini bushi tayari imeshapindwa mpaka mwisho, inakaa imepindwa usiku na mchana, kila tuta inachanika kidogo. Zitie bolti, zishike kwa mkono tu, shusha gari ikae kwa uzito wake, itikise, ndo ukaze. Spea nyingi zinaitwa feki na hazina kosa.

#38 KondaMjini
Hapa nakuunga mkono, hili hata mimi limenikuta. Ila feki nazo zipo, usizisafishe zote.

#39 Mpemba_wa_Konde
Zipo, tena boksi lake linang'aa kuliko la orijino.

#40 Mkaaji_Bwejuu
Taarifa. Nimefanya jeki ya difu na kijana wangu, maji nimemwaga, mtungi nimetoa. Mbele kushoto 44 na robo, kulia 44 na nusu. Yaani karibu sawa.

#41 Mswahili_Leicester
Basi mbele hana kosa kubwa. Mwizi yuko nyuma.

#42 KondaMjini
Mbele iko sawa KWA SABABU tosheni ya kushoto imekazwa na yule fundi wa tatu. Ingekuwa haijakazwa ungeona. Kwa hiyo huwezi kusema mbele hana kosa.

#43 FundiChuma
Mh. Hapo Konda kasema kitu. Mkaaji, zile bolti mbili za tosheni, kushoto na kulia, pima nyuzi zilizotokeza nje zinatofautiana kiasi gani. Kama kushoto imeingia ndani zaidi sana, tosheni ya kushoto imechoka ama imewahi kurukishwa jino, yaani kufungwa nje ya pahala pake. Na kama umewahi kuzitoa hakikisha hazikubadilishwa pande, ya kushoto na ya kulia si moja, zimeandikwa L na R.

#44 Mkaaji_Bwejuu
Kushoto imeingia zaidi kama milimita 12. Herufi hazionekani, kuna kutu tupu. Gari inalala ufukweni unategemea nini.

#45 Boflo_Fuoni
Chumvi haina urafiki. Mume wangu alikuwa anaosha gari chini kwa maji ya mvua kila Ijumaa, watu wanamcheka, ile gari imemzidi umri wake wa kazini.

#46 Nahodha_wa_Nchikavu
Sasa ushauri wangu, na asiyetaka asitake. Usinunue kitu chochote bado. Hamisha betri upande wa kulia, chini ya kitanda. Unapunguza 115 kushoto na kuongeza 115 kulia, tofauti inapungua 230 kwa kuhamisha nyaya tu. Tangi libadilishe likae katikati mbele ya ekseli ya nyuma, na liwe na vizuizi ndani, maji ya nusu tangi yanakimbia upande kila ukikata kona, ndo yanayokuyumbisha. Baada ya hapo pima tena.

#47 Mpemba_wa_Konde
Na mie nasema kabla ya kuhamisha hata sufuria fungua yubolti utizame. Kama jani limekatika utahamisha nyumba nzima na bado italala.

Ukifungua usirudishe yubolti zile zile, tia mpya, na baada ya kilomita mia tano hivi zikaze tena, zinalegea zikikaa. Na usikubali mtu akakupigia springi kwenye moto wa mkaa ati anaikunja upya. Inanyanyuka vizuri sana, miezi miwili imelala chini zaidi ya mwanzo, kwa sababu chuma cha springi kikichomwa bila kukifanyia utaratibu wake kinakuwa chuma cha jembe.

#48 KondaMjini
Kuongeza jani je? Daladala zote zinaongeza jani.

#49 Mpemba_wa_Konde
Ongeza pande zote mbili sawa, siyo upande uliolala tu. Lakini ujue gari tupu itaruka kama sungura.

#50 Mswahili_Leicester
Huku tunatia mifuko ya hewa baina ya ekseli na chesisi, unaijaza kwa pampu, kila upande na valvu yake, kwa hiyo unaweza kusawazisha kushoto na kulia. Raha sana. Lakini niseme ukweli, inanyanyua gari tu, haiongezi uzito unaoruhusiwa. Ekseli na tairi na breki ni zile zile. Watu wengi wanatia mifuko wanadhani wamenunua lori.

#51 DogoSpea
Hiyo mifuko naweza kuagiza Dubai.

#52 Utingo_Mstaafu
Dogo ungeanzia hapo tangu post ya 14 tungekuheshimu.

#53 Mkaaji_Bwejuu
Jamani taarifa ya pili, samahani nimekawia, nilikuwa na wageni. Yubolti za nyuma kushoto zimefunguliwa, na za kulia pia. Jani lililokatika hamna. LAKINI bushi za shako (kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi) zimekwisha kabisa, upande mmoja mpira haupo, chuma kinakula chuma, na lile jani kuu limenyooka kuliko la kulia, ukiyaweka chini sakafuni mawili unaona kwa macho. Betri nimehamisha kulia. Tangi bado, hela imeishia hapo.

Vipimo vya sasa tangi tupu: nyuma kushoto 49, nyuma kulia 49 na nusu.

#54 Nahodha_wa_Nchikavu
Si nilisema! Betri!

#55 Mpemba_wa_Konde
Si nilisema mie! Yubolti! Bila kufungua angejua jani limenyooka?

#56 KondaMjini
Jani la KUSHOTO limenyooka. Kushoto. Mimi nimesema nini post ya 10?

#57 FundiChuma
Limenyooka kwa mzigo wa mwaka mmoja au kwa mteremko wa barabara wa miaka ishirini, nani atajua. Springi hiyo mpaka ubadilishe zote mbili, ukijaza tangi itarudi kulala. Na tosheni ya kushoto ilegeze sasa irudi usawa wa kulia, lasivyo mbele itanyanyuka kushoto na utakuja tena hapa useme inalala kulia.

#58 Boflo_Fuoni
Na gubu gubu je?

#59 Mkaaji_Bwejuu
Hapo ndo pana kichekesho. Nilipotoa mtungi wa gesi ule usiku wa jeki sikuurudisha siku mbili, na kelele ikakata kabisa. Nikasema kumbe ni mtungi unagonga kabati! Nikaufunga kwa mkanda na mpira wa tairi la baskeli. Kimya. Juzi Jumamosi nimewapeleka Wajerumani Paje, yale matuta ya Jozani ya kuwapisha kima punju, tuta la kwanza kimya, la pili kimya, la tatu gubu. Na mtungi sikuwa nao, nilikuwa nimeuacha Bwejuu kujazwa.

#60 FundiChuma
Ulifungua linki za stabilaiza kama nilivyokwambia?

#61 Mkaaji_Bwejuu
Bado 🙈

#62 Utingo_Mstaafu
Labda ni kima kapanda juu ya sola.

#63 KondaMjini
Tuta la tatu pekee? Hiyo ni mpira wa kuzuilia, bodi imefika chini. Wajerumani wangapi?

#64 Mkaaji_Bwejuu
Watano. Na mabegi.

#65 Nahodha_wa_Nchikavu
Mabegi yalikaa upande gani?